Tundu la Kifungo

Sokoni Mwanga wananijua kwa mkasi.
Gauni za maharusi wa Mwandiga, sare za kwaya ya Buhanda,
kaptula za shule Januari inapowakaba wazazi,
zote zimepita chini ya sindano yangu.
Nguo zimewahi kunirudia kwa kitambaa kuchuja.
Kwa kipimo, hapana. Hata moja.

Kulia kwa kitovu, vidole vitatu chini,
utumbo wangu umetoka nje unachungulia.
Mwekundu, umelowa, kama fizi.
Ukiugusa hauumi. Nilishangaa.
Kinachouma ni ngozi inayouzunguka,
ngozi yangu ya zamani, isiyo na kosa,
inayomwagiwa kazi isiyo yake.

Kwa maana maji ya utumbo hayachagui.
Yamezoea kusaga dagaa na ugali wa muhogo;
yakikosa dagaa, yanamsaga mwenye nyumba.

Mwezi wa tatu tangu nitoke wodini
palianza kuwasha kama nimepitiwa na upupu.
Kisha pakaiva, pakatoa jasho ambalo si jasho,
na kila bamba nililobandika likaelea.
Usiku mmoja nilibadilisha mara tatu,
na mifuko yenyewe ni ya kuhesabu:
binamu yangu Ruhaga huipakia kwenye treni kule Dar,
na treni unaijua,
ina kalenda yake.

Mama akaja na chupa ya mawese.
"Hakuna kidonda kilichowahi kuyakataa."
Kweli, yalinilea: magoti, ukurutu, midomo ya kiangazi.
Nikapaka. Ngozi ikatulia kama mtoto aliyeshiba ziwa.
Saa nne asubuhi nampima kifua mwimba besi,
nimeinama, futi mkononi, "arobaini na mbi..."
bamba likateleza lote.
Uvuguvugu ukashuka pajani.
Mwenyekiti wa kwaya, kwa adabu, akageuka kutazama dirishani.
Kibanda changu hakina dirisha.

Muuguzi Skolastika Ntabaye hakucheka.
Alilaza tumboni kwangu kadi yenye matundu,
dogo, kubwa, kubwa zaidi,
akainua macho.
"Fundi, tundu hili unalikata kwa kipimo cha lini?"

Cha wodini.
Cha siku zile za uvimbe.
Utumbo ulishasinyaa, mimi nakata lile lile,
na pale palipobaki wazi, upana wa kifungo cha shati,
ndipo maji yalipokuwa yakila.

Mimi! Niliyewarudisha nyumbani wanawake wangapi
waliotaka gauni kwa kipimo cha kabla ya uzazi:
nenda mama, mwili umebadilika, njoo upimwe upya.

Basi sasa najua.
Bamba halivutwi kama plasta ya mtoto mtukutu;
ngozi ndiyo inayosukumwa taratibu, iachie yenyewe.
Maji ya vuguvugu tu. Kausha kwa kugusagusa.
Unga mweupe pale palipochubuka,
uliozidi upeperushe, kama chaki kwenye pindo.
Bamba nalipasha moto kwapani
huku najiona mjinga,
halafu nakata tundu kama la kifungo:
likibana linajeruhi, likilegea halina kazi.

Na mafuta, ya aina yoyote, yakae mbali na gundi.

Hilo ndilo lilikuwa gumu kumwambia Mama.
Aliitazama chupa yake muda mrefu.
"Kwa hiyo mimi nikusaidie nini?"
Nikampa tochi ya simu.
Sasa ananimulikia ninapokata, jicho moja kalifumba,
na juzi, mwanamke asiyewahi kushona hata kishikizo,
akaniambia, "Hapo umezidisha."
Nilikuwa nimezidisha.

Leo siku ya nne, bamba halijabanduka.
Pamebaki mwasho kidogo upande wa chini
mkanda wa suruali unapopita.
Nitahamia ovaroli.
Sare arobaini zinasubiri,
na yule wa besi bado hajapimwa.